Kuseti taimingi ya Mini ya zamani bila kuifikia krenki

Ukifungua boneti ya Mini kwa mara ya kwanza utaitafuta puli ya krenki (ekseli kuu ya injini, inayozungushwa na pistoni) usiione. Iko kushoto, chini kabisa, imejibana kati ya injini na bati la ndani la madigadi, na rediyeta imesimama ubavuni kama mlango uliofungwa. Mkono haupiti, spana haipiti. Land Rover na Morris Minor za rika lake zina tundu la hendeli mbele, unaingiza chuma na kuzungusha injini taratibu. Mini haina.

Si kosa la fundi wala la kiwanda. Mgogoro wa Suez wa 1956 uliifanya petroli iwe ya mgao Uingereza, na Alec Issigonis akapewa kazi ya kutengeneza gari dogo lisilokunywa sana. Aliilaza injini kwa upana wa gari, akaiweka giaboksi chini yake vikitumia oili moja, na gari zima likatosha ndani ya mita 3.05. Lilizinduliwa tarehe 26 Agosti 1959. Nafasi waliyopewa abiria wanne ilitoka kwenye chumba cha injini, na sisi tunaolala chini ya gari ndio tunaolipa.

Kwa sababu hiyo Mini nyingi husetiwa taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka ndani ya silinda, kwa sikio: injini inawashwa, distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) inazungushwa mpaka mlio ukae vizuri, nati inakazwa, kazi imekwisha. Mini yangu, ya injini ya cc 850, ilifanyiwa hivyo katika gereji moja Nairobi. Mjini ilikuwa tamu kweli. Nikateremka nayo Mombasa, na nilipokaribia Voi ikaanza kugonga kila nikikanyaga mafuta, kama mtu anayetikisa kopo la misumari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mgandamizo ndani ya silinda ni mdogo, na injini huvumilia cheche inayowahi kupita kiasi. Kadiri unavyoteremka hewa inazidi kuwa nzito, na kosa ambalo sikio halikulisikia mlimani linaanza kupiga pistoni. Tangu siku hiyo sikubali taimingi ya sikio peke yake.

Habari njema ni kwamba krenki yenyewe huihitaji. Unahitaji njia ya kuizungusha na mahali pa kuisoma, na Mini inavyo vyote viwili: tairi la mbele ndilo hendeli, na dirisha dogo juu ya flaiwili, gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwa krenki, ndilo jicho. Ninayoeleza hapa ni kwa injini ya A-Series yenye distribyuta ya Lucas, pointi (swichi ndogo ndani yake inayokata umeme ili cheche itoke) na kondensa. Kama gari lako limefungwa mfumo wa kielektroniki badala ya pointi, hatua ya kutumia balbu haitakufaa. Ruka hadi kwenye taa ya taimingi.

Vitu vya kuandaa

Spana za inchi, kwa sababu za milimita zitakula vichwa vya bolti. Bisibisi, spana ya plagi, na fila ya kupimia nafasi ya pointi. Balbu ya volti 12 yenye waya mbili. Kioo kidogo chenye mpini, kama kile cha daktari wa meno. Kisipopatikana, kipande cha kioo kilichogundishwa kwenye kijiti kinatosha. Tochi. Rangi nyeupe ya kucha, ambayo ni bora kuliko chaki kwa sababu haifutiki na oili. Chaki kwa ajili ya tairi. Jeki, na stendi imara ya kuegemeza gari.

Ongeza kipande cha uzi. Funga kioo kwa uzi, ufunge na mkononi. Dirisha la flaiwili liko wazi kwa juu, na kitu kikitumbukia mle, iwe bolti au kioo, huenda ukalazimika kuvua nyumba ya klachi kukitafuta.

Kuizungusha injini

Toa plagi zote nne kwanza, ukiziandika namba waya zake. Silinda namba moja ni ile iliyo upande wa rediyeta. Ya nne iko upande wa flaiwili. Bila plagi hakuna mgandamizo, na injini inazunguka kwa mkono mmoja.

Wengi huingiza gia ya nne na kulisukuma gari mbele na nyuma sakafuni. Inafanya kazi, ila fanya hesabu kidogo. Kwenye Mini 850 difu, gia zinazopeleka mwendo kwenye magurudumu, hugawa kwa 3.76, na gia ya nne ni moja kwa moja. Tairi dogo la inchi 10 lina mzingo wa karibu mita 1.55. Maana yake gari likisogea sentimita 41 krenki imemaliza mzunguko mzima, na sentimita moja tu ni takriban nyuzi 9. Sisi tunatafuta usahihi wa nyuzi moja. Nani anaweza kusukuma gari milimita moja na kulisimamisha hapohapo?

Kwa hiyo inua tairi moja tu la mbele. Vuta hendibreki (kwenye Mini inashika magurudumu ya nyuma), weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, piga jeki, kisha gari likae juu ya stendi. Ingiza gia ya nne. Tairi moja likiwa chini limeshikwa na ardhi na jingine likiwa hewani, difu inagawanya mwendo mara mbili: sasa sentimita moja kwenye uso wa tairi ni nyuzi 4 na nusu hivi. Shika tairi kwa mikono miwili kwenye ukingo, na utaweza kulisogeza kidogo kuliko unene wa kucha.

Sheria moja usiivunje. Unapokaribia alama, njoo nayo kwa kuzungusha tairi kuelekea mbele, kama gari linavyokwenda. Ukiipita alama, usirudi nyuma kidogo ukaishia hapo. Rudi nyuma sana, robo ya mzunguko, kisha uje tena mbele. Meno ya gia, cheni ya taimingi na meno yanayoendesha distribyuta yote yana ulegevu, na ulegevu huo lazima ukae upande uleule unaokaa injini inapofanya kazi.

Dirisha la flaiwili

Upande wa kulia wa injini, juu ya nyumba ya klachi, kuna kibati kidogo kilichofungwa kwa bolti mbili. Kifute vizuri kabla ya kukifungua, maana uchafu wa miaka 50 utaingia ndani. Ukishakitoa, ingiza kioo kwa pembe na mulika kwa tochi. Utaona ukingo wa flaiwili ukipita, na kielekezi kidogo kwenye nyumba.

Zungusha tairi polepole mpaka uone maandishi 1/4. Mstari ulio hapo, ukikutana na kielekezi, unamaanisha pistoni ya kwanza na ya nne ziko kileleni. Karibu nao kuna mistari ya nyuzi 5 na 10 kabla ya kilele. Kumbuka kioo kinageuza kila kitu: tarakimu zitaonekana kinyume, na mwendo pia. Usiamini macho kuhusu ni upande gani ulio "kabla". Zungusha tairi mbele uangalie: mstari unaofika kwenye kielekezi kabla ya 1/4 ndio ulio kabla ya kilele. Ukishaujua, upake rangi ya kucha. Utajishukuru mwaka ujao.

Mini za baadaye zina kidato kwenye puli na mizani ndogo kwenye kifuniko cha cheni, chini ya rediyeta. Kama unaweza kuiona, itumie, lakini mimi bado naiamini flaiwili zaidi. Puli zenye mpira katikati, za kupunguza mtetemo, huzeeka. Mpira ukilegea, pete ya nje huteleza, na kidato hukuonyesha mahali pasipo kweli. Flaiwili imefungwa kwenye krenki kwa namna isiyoruhusu kukaa pengine.

Kilele kipi?

Alama ya 1/4 inafika kwenye kielekezi mara mbili katika kila duru ya injini, yaani mizunguko miwili ya krenki: mara moja silinda ya kwanza ikiwa tayari kuchomwa, na mara nyingine ya nne ikiwa tayari. Ziba tundu la plagi ya kwanza kwa kidole gumba na uzungushe tairi mbele, au mwombe mwenzako azungushe. Hewa ikikisukuma kidole, pistoni inapanda kwa mgandamizo. Endelea mpaka alama. Njia nyingine ni kutoa kifuniko cha vali na kutazama vali za silinda ya nne: moja ikiwa inamalizia kufunga na nyingine inaanza kufungua kwa wakati mmoja, silinda ya kwanza ndiyo iliyo tayari.

Sasa toa kofia ya distribyuta. Rota, kile kimkono kinachozunguka chini ya kofia, iwe inaelekea kwenye waya wa plagi ya kwanza. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, na rota inazunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu. Ikiwa rota inaelekea waya wa nne, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili zaidi.

Distribyuta iko mbele, nyuma tu ya grili. Gari la majaribio lilikuwa na injini iliyogeuzwa upande wa pili, kabureta mbele. Kabla ya kuingia sokoni ikageuzwa, na distribyuta ikajikuta inatazama mvua. Toa skrubu za grili uiondoe kabisa. Ni dakika tano, na utafanya kazi ukiwa umesimama wima badala ya kupapasa juu ya injini.

Pointi kwanza, taimingi baadaye

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima. Nafasi ya pointi ikibadilika, taimingi nayo inabadilika: nafasi ikipanuka cheche inawahi, ikipungua inachelewa. Kwa hiyo ukiseti taimingi kisha ukarekebisha pointi, umeanza upya.

Zungusha tairi mpaka kisigino cha pointi kiwe juu ya kona ya kamu inayozifungua, pale pointi zinapokuwa wazi kabisa. Nafasi ya Lucas ni milimita 0.35 hadi 0.40. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, isibanwe. Pointi zenye kilima upande mmoja na shimo upande wa pili zibadilishe. Fila haipimi shimo, itakudanganya. Futa pointi mpya kwa kitambaa chenye petroli kidogo, kwa sababu huja na mafuta ya kuzuia kutu. Paka kamu grisi kidogo sana. Kisha shika ekseli ya distribyuta uitikise kwa ubavu. Ikicheza waziwazi, nafasi ya pointi itakuwa tofauti kwa kila silinda na hakuna taimingi itakayokaa. Hapo dawa ni kuitengeneza distribyuta au kuibadilisha.

Mwisho, vuta hewa kwa mdomo kwenye bomba la vakyumu. Sahani ya pointi igeuke kidogo, na ukiziba bomba kwa ulimi ibaki pale. Ikirudi, kiwambo kimetoboka.

Kuseti kwa balbu

Tafuta kipimo cha injini yako katika kitabu chake. Mini 850 kwa kawaida ilisetiwa kileleni kabisa, na Mini 1000 nyuzi 5 kabla ya kilele. Matoleo hutofautiana, na injini nyingi zimeshahamishwa kutoka gari hadi gari, kwa hiyo soma namba iliyo kwenye injini yenyewe, usisome kadi ya gari.

1. Leta alama yako kwenye kielekezi, silinda ya kwanza ikiwa kwenye mgandamizo, ukija kwa mwendo wa mbele.
2. Unganisha waya mmoja wa balbu kwenye waya mwembamba unaotoka koili (inayokuza umeme wa cheche) kwenda distribyuta, na mwingine kwenye chuma kisafi cha injini. Gari la zamani lenye chanya kwenye bodi halina tatizo, balbu haijali.
3. Washa swichi ya injini, usipige stata. Pointi zikiwa zimefunga, balbu imezima. Zikifunguka, inawaka.
4. Legeza bolti ya kibano chini ya distribyuta kiasi cha kuiwezesha kuzunguka kwa uzito.
5. Zungusha distribyuta kinyume cha saa mpaka balbu izime. Kisha irudishe kufuata saa, polepole sana, ukiisukuma rota kwa kidole kufuata saa ili kuondoa ulegevu. Balbu inapowaka tu, simama.
6. Kaza kibano bila nguvu nyingi. Ukikibana kwa hasira utaipinda shingo ya distribyuta.
7. Jaribu ukweli wake: rudisha tairi nyuma robo mzunguko, lete mbele polepole ukitazama kioo. Balbu iwake wakati mstari unapogusa kielekezi. Rudia mara tatu.

Swichi usiiache imewashwa huku pointi zimefunga ukaenda kunywa chai. Umeme unapita kwenye koili muda wote, na koili huungua.

Distribyuta za Lucas 25D4 zina kipini kidogo cha kuzungusha chenye herufi A na R. Upande wa A unawahisha cheche, R unaichelewesha. Kabla ya kuanza kazi kiweke katikati, ili mwishoni uwe na nafasi ya kurekebisha pande zote mbili bila kulegeza kibano tena.

Kama alama hazipo

Flaiwili iliyokarabatiwa au iliyotoka kwenye injini nyingine inaweza isiwe na alama unazoziamini. Usiingize bisibisi kwenye tundu la plagi ili uhisi pistoni. Tundu la A-Series limelala kwa pembe, na bisibisi itabanwa au itakwaruza. Pia pistoni ikifika juu hukaa karibu imesimama kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo kuhisi hakukupi kilele sahihi.

Tengeneza kizuizi. Vunja kauri ya plagi kuukuu, chomelea bolti ya mviringo mahali pake, ifunge kwenye tundu la silinda ya kwanza. Zungusha tairi mbele kwa upole mpaka pistoni iguse bolti na kukataa. Paka alama kwenye flaiwili mkabala na kielekezi. Zungusha nyuma mpaka ikatae tena, paka alama ya pili. Kilele kiko katikati ya alama hizo.

Lakini utapimaje katikati kupitia dirisha dogo vile? Toa kizuizi. Rudi nyuma kupita alama ya kwanza, kisha njoo mbele mpaka ikutane na kielekezi. Chora mstari wa chaki kwenye tairi, mkabala na fimbo uliyoisimamisha sakafuni. Endelea mbele tu mpaka alama ya pili ifike, chora mstari wa pili mkabala na fimbo ileile. Pima umbali kati ya mistari kwa ukanda wa karatasi, kunja ukanda nusu, na uchore mstari wa tatu katikati. Rudi nyuma kabisa, njoo mbele mpaka mstari wa tatu ufike kwenye fimbo. Krenki sasa iko kileleni. Kwa kuwa ulipima kwa mwelekeo mmoja, ulegevu wa gia haukuathiri chochote. Paka rangi kwenye flaiwili. Ukihitaji nyuzi 5 kabla ya kilele kwenye 850 yenye tairi la inchi 10, ni sentimita 1.1 za tairi nyuma ya hapo.

Taa ya taimingi

Balbu inakupa mahali pa kuanzia. Taa ya kumulikamulika inaonyesha kinachotokea injini ikiwa hai. Shusha gari, toa gia, rudisha plagi na kofia, ondoa bomba la vakyumu kwenye distribyuta na uzibe mwisho wake. Injini iwe imepata moto na inanguruma taratibu, takriban mizunguko 600 kwa dakika. Hapo Mini 850 inapaswa kuonyesha nyuzi 3 kabla ya kilele, na Mini 1000 nyuzi 8. Mikono, nywele na waya za taa vikae mbali na feni.

Kumulika na kushika kioo kwa pamoja kunahitaji mazoezi. Mimi hukigundisha kioo kwa utepe kwenye kona moja kisha natafuta pembe kwa taa. Ongeza mafuta kidogo: mstari uhame taratibu kuelekea kuwahi, na urudi ukiachia. Usipohama, vizito vya ndani ya distribyuta vimekwama kwa kutu. Ukirukaruka, ekseli imelika, na sasa unajua kwa nini gari lilikuwa linamisi.

Barabarani

Tafuta mlima mrefu. Ukiwa gia ya nne kwenye kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote usikilize. Ikigonga, sogeza kipini kidogo kuelekea R. Isipogonga lakini gari ni zito, linachemka na linakula petroli, sogeza kuelekea A. Hapa ndipo sikio linapofaa, kusahihisha nyuzi moja au mbili baada ya alama kusema. Anayeishi nyanda za juu anaweza kupata faida kidogo kwa kuwahisha, ila kabla ya kuteremka pwani airudishe kwenye kipimo cha kitabu.

Baada ya kilomita mia chache pima pointi tena. Kisigino kipya hulika haraka mwanzoni, nafasi hupungua, na cheche huanza kuchelewa bila kelele.

Rudisha kibati cha flaiwili na grili. Na kama masika yamekaribia, chukua glovu nene ya mpira ya kuoshea vyombo, toboa ncha za vidole, pitisha waya wa koili na za plagi nne kila mmoja kwenye kidole chake, kisha ivishe kofia yote ya distribyuta. Wenye Mini wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na madimbwi hayatakuzimia gari tena.